Risasi ya Pili

Radhiya mwanangu,

Wali uko chunguni. Tahadhari na vigae vya mtungi hapo mlangoni, sijavizoa vyote.

Bunduki nimeifungua. Mtutu uko chini ya kitanda changu, kitako nimekitia sandukuni, risasi nimempa Bwana Obeid aniwekee. Usiunganishe kitu, wala usinisafishie.

Asubuhi nilitoa risasi moja, nikadhani imekwisha, nikashika kitambaa cha mafuta. Kumbe hii hujilisha yenyewe: ukitoa moja, nyingine huingia. Ndiyo hiyo iliyolia ikaupasua mtungi. Wakubwa wa serikali walionipa niwafukuze nguruwe shambani walinisomea faini ya kuipoteza tu, hili hawakunambia. ~~Kosa ni lao.~~ Hawakunambia, lakini mimi sikuchungulia ndani, na mtutu niliuelekeza mlangoni, nawe ndiyo kwanza uondoke penye mtungi wa marehemu mamako.

Kisha Bi Alawiya wa jirani alipousikia mlio akaja mbio, nikamwambia bunduki umeichezea wewe. Ulinitazama tu, ukaenda zako.

Usiku wa yeo nguruwe nitawafukuza kwa kelele za debe. Ila napita kwanza kwa Bi Alawiya, nimwambie kidole kilikuwa changu.

Babako