Mayai ya Bi Ndevu

Kaka yangu,

Shikamoo. Hapa nyumbani tunaamka, tunakula na tunagombana, kwa hiyo ujue tu wazima. Wewe je, kifua kimeacha kukusumbua? Hilo vumbi la kiwandani unalifungia kitambaa puani kama mama alivyokuambia, au unajifanya chuma? Mama anakusalimu sana. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza, unasema, "Kiherehere, fupisha." Leo hakuna kufupisha. Soma mpaka chini.

Kuku wanaendelea vizuri. Wako wa aina nne sasa, na kila mmoja ana yai lake. Bi Harusi, yule mweupe, anataga meupe. Mwekundu anataga ya kahawia. Kishingo, asiye na manyoya shingoni, anataga madogo yenye rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Halafu yuko Bi Ndevu, mwenye manyoya mashavuni kama mzee wa baraza. Huyu anataga ya kijani! Usicheke, kijani kabisa. Mama alipoliona la kwanza alidhani nimelipaka rangi. Nikampasulia, akaona ndani ni yai tu kama mengine.

Basi ya kijani yakaanza kupotea. Ya kijani tu, mengine yote yapo. Nikasema ni nyoka, lakini nyoka gani anachagua rangi? Nikasema labda Bi Ndevu anakula mayai yake mwenyewe, maana nilisoma kwamba kuku akikosa chokaa hufanya hivyo. Nikamsagia maganda, nikamfungua mdomo nikamchungulia kama daktari wa meno. Mdomo safi, na ananitazama kwa dharau. Hapo nikajua mwizi ana miguu miwili na hana manyoya.

Tangu siku hiyo sikumwamini mtu. Nilianza na jirani yetu mshonaji, ambaye mlango wake wa nyuma unatazamana na banda letu. Nilimpelekea sketi akaipunguze, macho yangu yako jikoni kwake natafuta maganda. Akanishtukia. Akaniuliza, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, kama kweli nadhani yeye anaweza kula yai lenye rangi ya ukuta wa hospitali. Halafu akakata uzi kwa meno, akaniambia, "Mwanangu, muulize anayefungua banda kabla yako."

Anayefungua banda kabla yangu ni mama. Nikaondoka nimenuna, nikijua huyu anataka kunigombanisha na mzazi wangu. Lakini neno lilikuwa limeshaingia. Nikaanza kumtazama mama kwa jicho la pembeni, na kaka, nikaona mambo. Redio yetu imekuwa mgonjwa wa kudumu. Ikitoka kwa fundi leo, kesho inakohoa tena, na mama hataki niipeleke mimi. Anaitia kwenye kikapu kikubwa kuliko redio yenyewe, anajipaka mafuta mpaka viwiko, anaondoka. Nikimuuliza redio nayo inapelekwa kwa mapambo tangu lini, ananiambia nikafagie banda.

Juzi mafua yalimlaza, nikasema sasa naifuata redio mwenyewe. Fundi unamjua, yule mrefu mkimya mwenye kibanda pale kona, mkabala na duka la saruji. Nimefika, nakuta mezani kwake, katikati ya nyaya, maganda ya kijani. Nusu nusu, yamepangwa kama vikombe, ndani ameweka skrubu zake ndogo.

Damu ilinipanda! Nilipiga kelele mpaka wapakiaji wa saruji wakaacha mifuko yao. Nikamwita mwizi, nikamwambia kuku yule ni mmoja tu mtaa mzima, asinidanganye. Yeye akaweka bisibisi chini, akasema taratibu kwamba ni kweli, mayai yametoka kwetu, na hana zaidi la kusema. Mtu asiye na kosa anasema hivyo? Wapakiaji wakaanza kumkokorea, "Ko-ko-ko, fundi, leo umetaga?" Waliokuwa na simu zao pale wakazichukua hata vifuniko havijarudishwa. Nikarudi nyumbani kifua mbele, nimekamata mwizi.

Mama aliposikia alikaa juu ya mfuko wa pumba. Hakufoka, na mimi ningependa angefoka. Akasema mayai alikuwa anayapeleka yeye. Akasema yule bwana anataka kumuoa tangu mvua za mwaka jana, na yeye anamtaka. Alichagua ya kijani kwa sababu tangu baba afariki hajapata kuwa na kitu cha kumpa mtu ambacho hakipo kwa mwingine. Nikamuuliza, sasa mbona yule bwana aliniacha nimtukane vile bila kujitetea? Ndipo mama akakutaja wewe.

Kumbe fundi alikufuata huko huko uliko, akakueleza kwa heshima kama mwanamume mkubwa wa nyumba. Kumbe ulimwambia asubiri kwanza, watu wataongea, na mimi nisiambiwe kitu kwa sababu mdomo wangu hauna kufuli. Akakuahidi. Sasa fikiria, amekubali kukokorewa mbele ya wateja wake kuliko kuvunja ahadi aliyokupa. Na wewe wiki ile mayai yanapotea, kwenye simu ulikuwa unaniuliza, kwa sauti ya malaika, kama nimeshamnasa nyoka! Nimemshuku kuku, nimemshuku jirani, nimemshuku mama aliyenizaa, na mwenye siri nampa shikamoo kila siku.

Sasa sikia nilichofanya, kisha ukasirike ukiwa umekaa. Jana mchana nilirudi pale pale. Nikasimama pale niliposimama juzi, na kwa sauti ile ile nikawaambia wapakiaji na kila aliyekuwa anapita kwamba huyu si mwizi, mayai amepewa, na aliyempa ni mama yangu, kwa sababu wanataka kuoana. Fundi alikuwa ameshika waya, akasahau kuuachia. Mpakiaji mmoja akauliza, "Ina maana tumemkokorea baba yako?" Nikamwambia ndiyo, na amwombe radhi kabla hajabeba mfuko mwingine. Akaomba, na saruji yake usoni.

Kwa hiyo, kaka, usituandikie kwamba watu wataongea. Wameshaongea, na mimi ndiye niliyewaanzia. Fundi anasema hata hivyo hatavuka mlango wetu mpaka umpe ruhusa kwa mdomo wako. Mama naye, kila simu ikilia anaangalia kama ni wewe. Mpigie. Mpigie yeye kabla yangu.

Jifunge kitambaa puani, kula vizuri, wasalimie unaokaa nao. Banda zima linakusalimu, isipokuwa Bi Ndevu ambaye bado hajanisamehe.

Ni mimi mdogo wako,
Kiherehere