Kuna Waranti, Nikamjibu

Mshauri mpendwa Shangazi Odile,

Nisaidie kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa tunatia saini mkataba wa kuuza nyumba yetu.

Februari mwaka jana mimi na mume wangu Lyle tulinunua nyumba hapa Mesa, Arizona, ili mama yangu mzazi, ambaye kifua chake hakiwezi joto, aishi nasi, na nyumba zilikuwa zinagombaniwa vibaya, hivyo dalali wetu Tawnya akasema, "Jamani, mkidai mkaguzi wa nyumba, muuzaji atampa mwingine, na isitoshe anawalipia waranti ya nyumba mwaka mzima, kitu kikiharibika mnapiga simu tu, fundi huyo mlangoni," nami ambaye hata kibaniko cha mkate sikinunui bila kusoma maelezo yake, nikafurahi na ule mkataba wa waranti sikuusoma, na kwa kuwa kulikuwa na ubaridi kiyoyozi hatukukiwasha hata mara moja.

Juni, joto la jangwani lilipopanda, kikafa. Fundi wa kampuni akapanda juu ya paa, akafungua mashine, akashuka akitikisa kichwa, "Mama, hii imeoza zamani," na kampuni ikakataa kulipa kwa sababu waranti yao haigusi ubovu uliokuwepo kabla ya mkataba, wala kifaa kilichokosa matunzo, na kipya hatukukimudu, tukanunua kingine kidogo cha dirishani, tukabanana watu watatu chumba kimoja, mpaka siku mama alipokohoa hadi midomo ikabadilika rangi, kaka yangu akaja kumchukua kwenda Prescott, milimani, na akiwa tayari garini mama akaniambia, "Usijilaumu, mwanangu, ulitaka mema," maneno yanayoniuma kuliko kama angenitukana.

Sasa tunauza tuhamie karibu naye, na kile cha paani bado kimekufa. Lyle amekitoa kile kiyoyozi cha dirishani, amekificha gereji chini ya blanketi wanunuzi wasikione, na tangazo letu linasema mnunuzi atapata waranti ya mwaka mzima. Tarehe 8 mwezi huu, ubaridi umerudi, alikuja binti mmoja, Brisa, mjamzito, na mumewe, akasimama katika chumba alichokuwa akilala mama, akasema hapa ndipo tutaweka kitanda cha mtoto, kisha akaniuliza, "Eti dada, AC iko sawa?" nikamjibu, "Kuna waranti," akacheka kwa raha, "Afadhali!" na jioni wakaleta ofa bila kudai ukaguzi. Nilipomwambia Lyle moyo unanisuta alisema, "Sisi tulipofanyiwa, nani alitulilia? Funga mdomo, ukamwone mama yako."

Shangazi, nikisema watakimbia, na mama afya yake si ya kungoja. Nikinyamaza nitakuwa nimekosa, wakati waranti kweli ipo?

Lorna

Lorna,

Pole kwa kiangazi kile, na pole kwa kumwona mama akiondoka katika nyumba iliyonunuliwa kwa ajili yake. Pole yangu inaishia hapo.

Brisa alikuuliza habari za kiyoyozi, wewe ukamjibu habari za mkataba. Ulifanya hivyo kwa sababu jibu la kweli ulikuwa nalo mdomoni. Waranti ipo, ndiyo, nawe unajua itafanya nini Juni: itamleta fundi, atapanda paani, atashuka na maneno yale yale, na kwenye chumba kile atakuwemo mtoto mchanga. Aliyewauzia nyinyi huenda hakujua. Wewe unajua. Tena sheria ya jimbo lenu inamtaka muuzaji aiseme kasoro anayoijua, na mtu aliyefunika kitu kwa blanketi hawezi kusimama mbele ya hakimu akasema hakujua. Mwambie Lyle hivyo, kama la dhamiri halimgusi.

Mpigie dalali wako leo, usingoje Alhamisi. Awape wale vijana taarifa kwa maandishi kwamba kiyoyozi kimekufa na kampuni ilikataa kulipa, na kwa sababu gani. Shusheni bei itoshe kununua kipya, na muwaombe walete mkaguzi. Wakiondoka, yupo atakayeinunua kwa bei yake halali. Mtafika Prescott mmechelewa na mfuko mwepesi, lakini mama yuko milimani, anapumua. Nenda kamwone wikiendi hii, na ile ijayo, barabara haijafungwa.

Nanyi wengine mnaonunua wakati wa ubaridi: waranti anzeni kuisoma pale inaposema haitalipa nini, halafu kikomo cha malipo yake, halafu nani anaamua kitu kilioza lini. Mkaguzi mleteni hata dalali akinuna, naye akiwashe kiyoyozi hata kama mmevaa sweta.

Lorna, mama yako alikusamehe kwa jambo ambalo hukulijua. Hili unalijua. Nenda gereji, toa lile blanketi, kisha piga simu.

Shangazi Odile