Hapa Ndipo Tutakapozeekea, Del

Ni mwaka mzima sasa, Delbert Vavrinek, tangu ulipotuacha ukiwa kwenye kiti chako cha sebuleni, rimoti mkononi, ukirudisha nyuma mchezo uleule ili uone miguu ya kijana mmoja aliyechelewa kugeuka. Mke wako Verna alikuita uje ule. Hukuitika. Akadhani ni ule uziwi wako wa msimu wa mpira. Akaja na mwiko mkononi kukugombeza, na mpaka leo hajui ule mwiko aliuweka wapi.

Mwaka mzima, na jiwe lako bado halina maneno. Jina lipo, tarehe zipo, chini yake patupu. Pospisil mchonga mawe amechoka kungoja.

"Verna, huyu mzee nimchoree nini? Hapa Orrin kila jiwe lina picha ya trekta au hindi."

"Ngoja kidogo. Bado sijamwelewa."

"Miaka yote hiyo kitanda kimoja, hujamwelewa?"

"Wewe wako umemwelewa?"

Pospisil akakohoa, akaaga.

Kitendawili! Tega. Fundi wangu akifanya kazi vizuri, hakuna kinachotokea. Mjukuu wako Tess alishindwa, akatoa mji, na miji kwetu haikuwa haba. Jibu ni wewe, kocha wa ulinzi katika mpira wa Kimarekani wa vyuo vikuu. Wanaoupeleka mpira mbele huimbwa uwanja mzima. Vijana wako wakizuia, mtangazaji husema tu "hawakupata kitu," na watu huinuka kwenda kununua soseji.

Uliwafundisha kwa maneno machache. "Usimtazame mtu macho, macho yana uongo. Mpira nao usiutazame. Tazama kiuno. Mtu hawezi kwenda mahali ambapo kiuno chake hakiendi." Mchana uliwapigia kelele, jioni ukawaleta nyumbani wakala mpaka friji ikabaki na taa tu. Verna aliwapikia supu ya maharage na kolache, vile vimkate vya plamu alivyofundishwa na mama yako. Plamu za pakiti, kavu, za dukani. Aliyevunjika mguu alilala kwenye kochi letu. Aliyefiwa na mama yake ulimpeleka kwao kwa gari, ukaketi naye kanisani filimbi ikiwa bado shingoni, umesahau kuivua.

Halafu huja Desemba. Kwa sisi wa kazi hii Desemba si mwezi wa Krismasi, ni mwezi wa simu. Kocha mkuu akifukuzwa, wasaidizi wote humfuata nje kama vifaranga. Ulikuwa ukizungumza na simu gerejini, ukidhani hatusikii. Verna hakuuliza. Alikwenda dukani kuomba maboksi. Kofia, taulo, vikombe, kila chenye rangi ya chuo kile alikipeleka kanisani wagawiwe wengine, maana huwezi kuingia mji mpya umevaa rangi za adui. Binti yako Joleen alililia koti lake jekundu njia nzima. Mwanao Kirby akajifunza kutozoea rafiki.

Na katika kila jiko jipya, maboksi hayajafunguliwa, ulimshika mkeo mabega ukamwambia, "Hapa, mama, ndipo tutakapozeekea." Ulisema hivyo Kansas. Ukasema Iowa, ukasema Oklahoma, ukasema na Arkansas kwenye ile nyumba yenye popo darini. Kisha ulitoka na sepetu ukapanda mche wa mplamu nyuma ya nyumba.

"Del, huo utazaa lini?"

"Miaka minne, mitano."

"Na sisi tutakuwa wapi?"

"Hapa. Si nimekwambia?"

Hatukula hata plamu moja.

Hapo ndipo Verna alipopotea njia mwaka huu. Ulikuwa unadanganya? Na kama ulidanganya, ulimdanganya yeye au ulijidanganya mwenyewe? Na kama ulikuwa mkweli, basi mji wenyewe ulikuwa upi? Joleen anataka jiwe lichorwe yule dume wa ng'ombe wa nembo ya chuo cha Oklahoma, kwa kuwa kule ndiko mlikochukua kombe. Kirby anasema ni Iowa, alikozaliwa yeye. Wamenuniana tangu Pasaka. Na kubwa kuliko yote ni hili: hapa Orrin, kwao Verna, uliporudi umestaafu na magoti yameisha, hapa ambapo mlizeeka kweli, hukusema neno. Wala mti hukupanda. Alikusubiri jikoni siku ile ya kwanza, maboksi yamemzunguka. Ulimwuliza kahawa iko boksi gani.

Jumapili iliyopita tulikuja kaburini kwako kwa ajili ya mwaka huu, na vijana wako wakaja. Marquise Tolliver wa Oklahoma, siku hizi mwalimu mkuu, tumbo limemtangulia. Brandt Huisman wa Iowa, mfuga nguruwe. Hata salamu hazijaisha wakaanza.

"Kocha alikuwa wetu," akasema Tolliver. "Kwenu Iowa alikuwa anajifunzia tu."

"Alijifunzia kwetu, kwenu akaenda kusahau. Wewe nilikuona kwenye televisheni, unapitwa kama mlango wa duka."

"Mimi? Mama Verna, huyu kaalikwa na nani?"

Verna akacheka, mara ya kwanza tangu kiangazi kianze. Ndipo Tolliver akafungua buti la gari akatoa ndoo. Plamu, Del. Zimeiva mpaka zinapasuka.

"Za nyuma ya ile nyumba yenu, mama. Mwenye nyumba huniachia nichume. Huniuliza nani aliupanda, namwambia ni mlinzi."

Huisman akavua kofia. "Kwetu nao upo. Umepita paa. Watoto wa jirani wanaukwea kuiba. Sikujua kumbe ni wake."

Verna akachukua moja, akaila palepale mbele yako, maji yakamchirizika hadi kwenye gauni lake la kanisani. Akawauliza, "Mtu anayepanda mti wa miaka mitano, kiuno chake kinaelekea wapi?"

Wale wababa wakubwa wakatazamana kama wanafunzi.

"Kinabaki, mama," akasema Huisman.

"Basi mbona aliondoka kila mara?"

 Mwishowe Tolliver akashindwa kabisa, akatoa mji. "Chukua Oklahoma, mama."

"Ninayo tayari, mwanangu. Nina miji mpaka basi."

Bado hajaelewa, Del. Huenda ulisema kweli kila mahali. Huenda hapa hukusema kwa sababu mtu akishafika hatangazi safari. Au uliogopa kwamba ukisema tu, simu ya Desemba itasikia. Hatujui. Lakini jana alimpigia Pospisil. Hakutaka trekta, hakutaka dume, wala rangi yoyote. Alitaka jina lake lichongwe kando ya lako, na tarehe yake ya mwisho iachwe wazi. Chini ya majina hayo mawili yaandikwe: Hapa ndipo tutakapozeekea.

"Verna," Pospisil akasema, "mmoja wenu keshakufa."

"Andika hivyohivyo. Yeye alisema kwenye majiko yote. Hapa ni zamu yangu."

Na zile kokwa za plamu tumezifukia miguuni pako. Wenye makaburi hawajui. Miaka minne, mitano, labda zaidi kidogo. Tutakuwepo.

Unakumbukwa na mkeo Verna. Binti yako Joleen na mwanao Kirby, ambao jana walikula meza moja. Mjukuu wako Tess, anayeuliza kolache za plamu mbichi zinapikwaje. Na vijana wako wote wa miji yote, wenye rangi zisizopatana.

Miji tulihama, Del. Wewe hatukuhami, daima.