Kishindo cha Dakika ya Kumi na Nne

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo nyumbani, wewe na shemeji na Mama. Natumaini barua hii itawakuta wote wazima. Mimi sijambo, ila presha inapanda na kushuka, na daktari ameniambia nipunguze chumvi na hasira. Chumvi nimeshapunguza. Magoti ya Mama yanaendeleaje? Na mkono wako wa kulia, bado unakuuma kukiwa na baridi?

Barua yako nimeipata. Umenieleza kwamba kampuni inautoa upya wimbo wetu, kwamba wamekupa wewe kazi ya kuandika maneno ya jalada, na kwamba una wiki nzima unatazamana na karatasi tupu. Hujui useme ni kitu gani kinachofanya wimbo wa roki wa dakika ishirini na mbili, uliojaza upande mzima wa santuri, usikilizwe mpaka leo, miaka ishirini na tisa baadaye. Ukaniomba nikusaidie, mimi kaka yako niliyekuwa kiongozi wa bendi. Nimeandika majibu manne nikayachana. Hili la tano nalituma kabla sijapata akili.

Waandishi wa magazeti watakuambia ni urefu. Upuuzi mtupu! Hata foleni ya hospitali ni ndefu. Wimbo mrefu huwa mkubwa pale unapojaribu kuukata hata dakika moja, damu ikatoka, na kwetu damu ilitoka kweli. Hakuna kipande cha wimbo ule ambacho hakikupiganiwa. Ile sauti ya kunong'ona katika kipande cha pili, inayowaliza watu, ilikuja baada ya mpiga besi kumtwanga mwimbaji ngumi ya mdomo. Midomo ilivimba, akashindwa kupaza sauti, fundi mitambo akarekodi hivyohivyo. Na lile gitaa linalokwaruza mwanzoni linakwaruza kwa sababu nilikuwa nimeipiga spika teke hadi ikachanika. Tulimwita mpiga dramu Saa Mbovu kwa utani, kwa kuwa hakuwahi kukosea pigo hata moja, na hata yeye alinirushia sahani ya shaba ya dramu zake iliyonipasua nyusi. Kovu ninalo. Wajukuu huniuliza, nawaambia nilianguka.

Halafu kuna mapigo saba. Nyimbo nyingi zinahesabu nne, mguu wa msikilizaji unajua pa kutua. Wetu unahesabu tatu, kisha nne, na msikilizaji anajikwaa kila mara, lakini hawezi kuondoka. Mwalimu mmoja wa chuo cha muziki aliandika kwamba tuliyatoa vitabuni. Vitabu gani? Yalitoka kwenye karakana ya Baba, kwenye ule mkanda uliotundikwa msumarini juu ya mkasi wa kukatia bati. Tukiharibu kitu, mzee hakuuliza ni nani. Viboko vilikuwa saba: vitatu vyako kwa kuwa mdogo, vinne vyangu kwa kuwa mkubwa niliyepaswa kukuzuia. Ulivunja taa, nikala vinne. Ulimwaga tindikali ya kulehemu, nikala vinne, nawe ukasimama mlangoni unafuta machozi ya vitatu vyako. Siku niliyoanza kuupiga mdundo ule kwenye gitaa, uliingia na piano bila kuuliza hesabu. Hukuwa na haja ya kuhesabu, mgongo wako ulikuwa unaijua.

Lakini hilo nalo si jibu lote. Jibu ulilitoa mwenyewe asubuhi ile ya mwisho ya ugomvi wetu studio, na nakumbuka kila neno. Ulisema mbele ya wote kwamba mwisho wangu, zile dakika nne za gitaa peke yake, ulikuwa majigambo ya vidole. Ukasema wimbo mkubwa hurudi nyumbani, lakini haurudi kama ulivyoondoka. Kwamba ile tuni ndogo ya mwanzo inapaswa kurudi mwishoni, taratibu, kwa piano tu, ikiwa imepitia yote yaliyotokea katikati. Mpiga besi akakubali. Saa Mbovu, ambaye hata jua likiwaka hubisha, akakubali. Mwimbaji akacheka, akasema gitaa langu linapekuapekua kama kuku jalalani. Nilikurushia kiti. Uliinama, kikapasua kioo cha chumba cha mitambo, na fundi akatoka akiwa na vipande vya kioo kwenye nywele akatuambia ama tuuane nje au turekodi. Tukarekodi.

Kilichofuata unakijua, angalau unadhani unakijua. Kipande cha tatu, gitaa limenyamaza. Umesimama umeinama ndani ya ile piano kubwa, mguu kwenye pedali, mkono wa kulia unadonoa nyuzi kwa vidole. Juu yako kifuniko, kizito kama mlango wa ghala, kimeegemea fimbo yake. Fimbo ikatoka, kifuniko kikashuka. Nyuzi zote zikalia kwa pamoja, sauti ikafifia polepole, kisha kimya cha sekunde kumi na moja. Saa Mbovu alikuwa kwenye chumba chake, mlango umefungwa, vipokea sauti masikioni, haoni kitu. Alidhani tumebuni jambo jipya. Akaendelea kuhesabu saba zake kichwani, na pigo lilipofika akaingia kwa nguvu zake zote, wakati mimi nimeshikilia kifuniko na wewe umepiga magoti unatapika.

Kishindo hicho cha kifuniko, kwenye dakika ya kumi na nne, ndicho wanachokipenda kuliko vyote. Wengine wanasema ni bomu, wengine eti radi iliyorekodiwa mlimani. Juzi mwanafunzi mmoja aliniuliza, nikamjibu kama nilivyowajibu wote, kwamba tulikipanga. Kilibaki kwenye santuri kwa kuwa hukuweza tena kukirudia kipande kile. Wiki saba baadaye ulirudi na plasta mpaka kwenye kiwiko, ukakaa, ukaurudisha wimbo nyumbani kwa mkono wa kushoto peke yake, ukiacha nafasi tupu pale ambapo mkono wa kulia ungepiga. Hakuna aliyepigana tena kuanzia siku ile, na bendi ikafa kwa amani.

Sasa nisikilize. Mwezi uliopita fundi mitambo, mzee sasa, aliniita nisikilize kanda za asili. Kila chombo amekitenga peke yake na kukisafisha. Akaniwekea sauti iliyonaswa na kipaza sauti cha piano tu. Nilisikia vidole vyako. Nikasikia pumzi yako. Kisha nikasikia kiatu, kile changu cha kushoto kilichokuwa kikilia, unakikumbuka, ulikuwa ukinitania kwamba nimekanyaga panya. Hatua tatu. Halafu teke kwenye mbao. Halafu kishindo.

Fimbo haikuteleza, mdogo wangu. Niliipiga teke. Sikujikwaa, wala sikutaka kukutisha tu, wala si shetani, ingawa huyo nimemsingizia sana miaka yote hii. Nilitaka kukuumiza. Nilikuwa nimekutazama mgongo wako ulioinama, vilevile ulivyokuwa ukiinama mbele ya Baba, na nikahesabu. Wewe ulikuwa ukipata vitatu siku zote. Siku ile nilikupa cha nne.

Yule mtunza piano aliyefukuzwa kazi kwa sababu ya fimbo mbovu, fimbo yake ilikuwa nzima. Nilisimama pale akiapa, nikanyamaza. Hospitali ulinifuta machozi kwa mkono uliobaki ukaniambia nisijilaumu, nikakubali kufarijiwa. Mama hunishukuru mpaka leo kwa kukubeba mgongoni hadi kwenye gari. Nimezila shukrani hizo kama chakula cha wizi.

Fundi aliniambia kwamba anaweza kuzifuta sekunde zile na hakuna atakayejua. Nilikaa na kidole juu ya kitufe muda mrefu kuliko ninavyoweza kukuandikia. Nikamwambia aache. Usinisifu kwa hilo. Wewe unasikia uzi mmoja wa piano uliolegea kutoka chumba cha pili; kampuni ingekutumia kanda, ungekitambua kiatu. Niliona heri unisikie mimi kabla hujakisikia kiatu changu. Nakala ya kanda nimeiweka ndani ya bahasha hii, isikilize ukiwa umekaa.

Mwezi ujao wanatutaka jukwaani pamoja. Usipokuja, nitawaeleza watu sababu mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, na yule mtunza piano kama bado yu hai nitamtafuta. Ukija, chagua upande utakaokaa wewe, mimi nitakaa popote utakaponiambia. Kwenye jalada andika upendavyo, hata haya yote. Wimbo ule ni mkubwa kwa sababu yako, kwa kuwa ulirudi. Mimi nilikuwa kishindo tu.

Nisalimie shemeji. Mama usimsomee barua hii mpaka uamue wewe, maana ni mkono wako.

Na nalirudia swali lile lile nililoanza nalo: mkono wako wa kulia, bado unakuuma kukiwa na baridi? Pale juu niliuliza kama nilivyouliza miaka ishirini na tisa. Hapa anauliza aliyeuvunja.

Ni mimi,
Kaka yako