Kidole Chako na Bwawa la Perege

Mbugani,
S.L.P. 83,
Kyela.
17 Septemba 1995

Mpendwa mdogo wangu Angetile,

Ugonile, mwana wa mama. Hujambo huko Norwei? Baridi imeanza tena? Unakula nini, na ukiumwa nani anakuchemshia maji? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila goti linanisumbua nikichuchumaa. Mpunga tumeshavuna, na joto la Kyela unalijua mwenyewe.

Barua yako niliipokea dukani kwa Salehe, maana sanduku la posta ni lake. Nilishtuka kabla ya kusoma, kwa jinsi mwandiko ulivyopinda. Kumbe ni kidole. Unasema ulikuwa unachanja samoni mnaowafuga hapo kazini, samaki akafurukuta, sindano ikakuingia wewe, na daktari akakipasua kidole ili ayatoe mafuta ya chanjo. Ukaandika mistari michache tu, kisha ukaniuliza habari za mpunga. Jambo kubwa hivyo, Angetile, unanipitishia mlango wa nyuma?

Sikuelewa mafuta yanatafuta nini ndani ya chanjo. Nikamwendea Bwana Godlove wa ofisi ya mifugo, yule aliyekuwa akichanja kuku wetu. Wenzake wamepunguzwa kazini na pikipiki ya ofisi imekufa, kwa hiyo nilimkuta amekaa peke yake. Alinieleza kwamba chanjo tupu hupita upesi mwilini, lakini ikichanganywa na mafuta hukaa palepale ilipochomwa, inatoka kidogo kidogo, na mwili unaendelea kujijengea kinga dhidi ya bakteria kwa muda mrefu. Ndiyo maana samaki wenu wanachomwa mara moja tu wakiwa wadogo, inatosha. Na ndiyo maana kidole chako kimekutesa, kwa sababu mafuta yale yametengenezwa yakae, hayatoki kwa kukamuliwa. Nilirudi nyumbani nikikiwaza kidole hicho njia nzima. Ulipokuwa mdogo ukijikata, ulikuwa unaniletea mimi nikufunge kitambaa.

Nilikuwa pia na shida yangu mwenyewe. Unalikumbuka bwawa alilochimba marehemu shemeji yako Anyosisye nyuma ya nyumba. Mafuriko ya Mei yaliingia humo, na baada ya hapo perege wakaanza kuogelea kwa kuzungukazunguka, macho yamewatoka, ubavuni wana vidonda vyekundu. Kila asubuhi nilikuwa naopoa waliokufa. Nilitaka kukuomba ututumie chupa ya chanjo yenu. Godlove alikuja kwa miguu, akawatazama kwa muda mrefu.

"Mama, chanjo humjengea kinga aliye mzima," aliniambia. "Hawa wameshaugua. Na hiyo ya mdogo wako ni ya magonjwa ya samoni, perege haitawafaa."

Nikamuuliza ya perege inapatikana wapi. Akasema yeye hajapata kuiona. Ushauri wake ulikuwa kulikausha bwawa lote, kulimwagia chokaa na kuliacha lipigwe jua. Nilimwomba aniache kwanza siku kadhaa. Lile bwawa ndicho kitu pekee nilichobaki nacho cha kuamkia. Tangu mwanangu Doreen aolewe Mbeya, naamka, nawatupia samaki pumba, wanakuja juu. Hakuna mwingine anayenijia hapa asubuhi.

Mwishowe nilikubali. Salehe alikuja na jembe baada ya swala ya Ijumaa, majirani nao wakaja, tukakata ukingo maji yakaishia kwenye shimo tulilochimba kando. Samaki wagonjwa tuliwafukia na chokaa. Waliokuwa safi Godlove aliruhusu waliwe, wakipikwa vizuri. Siti, mke wa Salehe, aliwasha moto uani kwangu, watoto wakajaa, watu wakacheka. Angetile, tangu msiba wa Anyosisye nyumba hii haikuwa imepata watu namna ile. Jioni kila mmoja alichukua samaki wake akaenda kwao. Nikaosha masufuria.

Juzi nilifungulia mfereji wa bwawa. Maji yaliingia taratibu yakafunika matope yaliyopasuka. Nikasema kwa sauti, "Njoo uone." Nilikuwa nimeshageuka kuelekea mlangoni ndipo nikakumbuka kwamba hakuna mtu ndani. Nikasimama pale mpaka likajaa.

Vifaranga wapya wa perege Godlove atanitafutia, na amenionya nisiwabananishe. Waulize wakubwa wako kama yupo anayefikiria chanjo ya perege. Lakini usihangaike nayo kabla mkono huo haujapona. Ukirudi kazini vaa glavu nzito, na samaki akifurukuta mwache aanguke.

Doreen anakusalimu sana, ana mimba. Shangazi Elizabeth alivuka mpaka kutoka Karonga, akauliza kama umeoa; nilimwambia akuulize mwenyewe. Salehe na Siti wanakuombea dua. Nisalimie hao unaofanya nao kazi, ingawa unasema hamuongei.

Ukipata likizo, uje. Usiniletee kitu. Uje tu uamke hapa asubuhi moja, nikusikie ukikohoa chumba cha pili.

Ndaga, asante kwa barua, mdogo wangu. Mungu wa wazazi wetu aushike mkono wako mpaka upone.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukuwaza,

Tupokigwe