Ukuta wa Mowlem Usio na Mlango

Mama,

Ukuta wako umepasuka. Nakuambia hilo kwanza kwa sababu nakujua, ungeulizia nyumba kabla ya kuniulizia mimi. Ufa umeanzia sakafuni, umepanda mpaka juu ya kichwa changu, ukakata kwenda kulia, ukashuka tena mpaka chini. Juzi Faith alisimama kwa sebule akautazama na ile sare yake ya shule, akasema, "Mama, huu si ni mlango?" Mtoto wa miaka minane. Nikamwambia aende akafanye homuwaki.

Ndiyo, ni mlango. Ni ule ulioukataa.

Fundi Musyoka alikuja kuuangalia. Anasema plasta huwa haishiki vizuri mahali nafasi imezibwa baadaye, na hata akiufunika huo ufa leo, utarudi. Kwa hivyo tuamue. Abomoe yale mawe aliyozibia, tupate mlango, ama apige waya na plasta upya na tuache kabisa habari ya mlango. Anarudi Jumamosi. Wafula ameniambia uamuzi ni wangu. Siku hizi hilo ndilo neno lake. Uamuzi ni wako, halafu anachukua blanketi anaenda kwa kochi. Mume wangu analala kwa kochi tangu tulipokuzika, mama, na mimi ndiye nilimpeleka huko.

Nakuandikia kwa sababu nimekukasirikia, na sina mwingine wa kugombana naye. Wanasema marehemu hasemwi vibaya. Wanaosema hivyo hawakukujua wewe.

Unakumbuka Ziwani? Baba, wewe na sisi wanne, chumba kimoja cha kanjo, nyumba za baraza la jiji, na pazia la maua katikati. Mwaka ule macho ya nyanya yalipokuwa yanatibiwa, alikuja akakaa nasi miezi miwili. Mama yako mzazi. Alilala upande huu wa pazia na baba, mkwe wake, akalala upande ule, akikoroma na harufu yake ya grisi ya reli. Hakuna aliyelaaniwa. Hakuna aliyeota majipu. Asubuhi nyanya alikuwa anakohoa kidogo, baba anajua ni wakati wa kuondoka, anapita ameangalia mlango, basi. Heshima ilitosha kwa pazia la shilingi chache.

Ndiyo sababu nilipochora nyumba hii ya Mowlem, karatasi ikiwa juu ya meza ya ofisi, wakili ninayempigia chapa akiwa kortini Makadara, nilichora mlango kati ya sebule yetu na chumba chako. Niliufanya mpana. Nilifikiria miguu yako, nilifikiria uzee, nilifikiria siku ambayo ungehitaji kiti cha magurudumu. Sikufikiria mwiko wa mkwe na mama mkwe. Nani angefikiria mwiko, baada ya Ziwani?

Wewe ulifikiria. Ulikuja saiti siku ile umevaa gambuti za Wafula, ukakaa juu ya debe kama kawaida yako ukimwambia Musyoka kwamba anaweka simiti kama mtu anayetia chumvi kwa chakula cha mgonjwa. Alikuwa amekuzoea. Halafu ukaona ile nafasi ukutani, na linta yake, ile boriti ya zege ya juu, imeshakauka. Ukauliza inaenda wapi. Nikakuambia inatoka kwetu inaingia kwako. Uliinuka kwa debe polepole. Ukamwambia Musyoka aweke mwiko wake chini.

Wafula alikuwa amesimama kando, anaangalia kokoto. Yeye hakuwahi kukutazama machoni, unajua. Miaka kumi ya ndoa na hamkuwahi kushikana mkono. Nilikupinga mbele ya mafundi, nikakutajia nyanya na pazia. Ukanijibu kwa ile sauti yako ya chini.

"Ile ilikuwa nyumba ya kanjo. Haikuwa ya mtu. Hii ni ya Wafula."

Wafula akanituma, maana hakuweza kukuambia mwenyewe, akasema kwao kuna njia, mtu analeta mbuzi na blanketi, wazee wanasema maneno, mwiko unalegezwa. Ulisema mbuzi ni wa mama mkwe anayekuja kutembea arudi kwake. Wewe hukuwa unakuja kutembea. Ulikuwa unakuja kuzeeka, na hungezeeka ndani ya nyumba ambayo mkwe wako anaweza kufungua mlango akaona kitanda chako. Ama pazibwe, ama unabaki Ziwani.

Nikakubali. Haki nilichoka, na nilitaka uhame. Musyoka akaziba. Akanong'ona kwamba linta ataiacha humo humo, siku tukibadilisha nia ni kazi ya saa moja. Saa moja tu, mama.

Tukamaliza nyumba. Wafula mwenyewe ndiye aliyeweka vigae vya chumba chako, na vya bafu, alichagua vile visivyoteleza, akapiga magoti humo wikendi tatu. Siku kitanda chako kilipoingizwa, alitoka, na hakuingia tena. Vyuma vya kushikilia bafuni ulivikataa. Ulisema wewe si kilema. Bado viko ndani ya karatasi yake, chini ya sinki langu.

Na sitadanganya, tuliishi vizuri. Hilo ndilo linanikasirisha zaidi. Ulikuwa unagonga ukuta mara mbili ukitaka chai, na Faith anazunguka nje na thamosi, hata mvua ikinyesha, anaingia kwa mlango wako wa uani. Taarifa ya habari ulikuwa unaisikiliza kupitia ukuta, unamjibu mtangazaji kwa sauti. Wafula akiwa amekaa hapa, mgongo wake umeegemea ukuta huo huo, unapaza sauti, "Nekesa, mwambie Wafula huyo mwanasiasa ni mwongo," na Wafula ananiambia mimi, kwa sauti ya kusikika mpaka Dandora, nikuambie kwamba yeye alijua zamani. Mlikuwa mnacheka pamoja, kila mtu na upande wake. Nilikuwa nawaona wajinga wawili wanaopendana. Nilikuwa mpishi na mkalimani, na nilikuwa na furaha.

Halafu Jumanne ile. Wafula hakuwa na safari, gari la kampuni lilikuwa gereji, kwa hivyo alikuwa nyumbani. Faith alikuwa shule. Mimi nilikuwa ofisini napiga chapa. Ilikuwa kama saa tano asubuhi. Wafula alisikia kishindo upande wako, halafu akasikia ukuta unagongwa. Si mara mbili. Uligonga na kugonga. Alizunguka mbio mpaka uani. Mlango wako ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa. Akabisha hodi. Ukamwambia kutoka bafuni, "Usiingie, mkwe. Niko uchi."

Akabaki mlangoni. Ploti zote zilikuwa tupu, Jumanne watu wako kazini. Alienda kwa geti mbili hakupata mwanamke. Mama Kioko, jirani yetu wa mkabala, alikuwa ameenda kusaga. Wafula alirudi akasimama pale nje akikuongelesha, unamjibu, halafu unamjibu kidogo, halafu hujibu. Akatoka mbio tena mpaka akakutana na Mama Kioko njiani na unga kichwani. Waliupoteza unga wote barabarani. Mama Kioko ndiye aliyeingia akakufunika leso. Gari la wagonjwa waliloita likachelewa kufika.

Daktari alisema nyonga ilivunjika, lakini si nyonga iliyokuua. Ni damu iliyovuja kichwani. Alisema kwamba ungefikishwa mapema kidogo. Hakumalizia, na sikumuuliza amalizie.

Sasa sikiliza nilichofanya. Kwenye matanga, nyumba ikiwa imejaa wanawake wa kanisa, niliwaambia wote kwamba mume wangu alisimama nje kama mlinzi wakati mama yangu anakufa. Nililisema na yeye akiwa anapanga viti. Nililirudia kijijini, mbele ya ndugu zako. Wakwe husimama mbali na kaburi, ni desturi, lakini siku ile walimsimamisha mbali zaidi, na nikaona, na nikanyamaza. Alirusha udongo wake wa mwisho kabisa, watu wakiwa wameshaanza kwenda kula. Nilimwita mwanamume wa sanamu. Nilimwambia Mama Kioko ana nguvu kuliko yeye. Hakunijibu hata siku moja, na kadiri alivyonyamaza ndivyo nilivyopata ya kuongeza.

Majuzi Mama Kioko aliniita kwake. Mumewe alikuwa uani anachonga vifaru vyake vya mbao vya kuuza, akatupisha akaenda mbele ya nyumba. Mama Kioko akasema kuna kitu amekikalia muda mrefu. Kwamba ulipokuwa umelala pale sakafuni na kichwa chako kwa mapaja yake, ulifungua macho ukamuuliza Wafula yuko wapi. Akakuambia yuko nje. Ukauliza kama aliingia. Akasema hapana, hajaingia. Na wewe ukasema, "Basi vizuri."

Basi vizuri! Damu inakutoka sikioni, na wewe unasema vizuri. Mama Kioko alidhani ananifariji. Nilitoka kwake nimeshikilia ukuta. Ulifurahi, mama. Ulikufa umeridhika, umeniachia mimi mume asiyeweza kula akiniangalia, na mtoto anayegonga ukuta mara mbili jioni halafu anasikiliza. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia la mkuu, na aliyevunjika ni mkuu.

Nilikuwa na nia ya kumalizia barua hapo. Nikupe yako, nitie sahihi. Lakini wewe ulikuwa unajua nikidanganya hata nikiwa upande wa pili wa ukuta, kwa hivyo wacha niseme.

Wafula alinipigia simu. Kabla hajaenda kwa geti yoyote, kabla ya kumtafuta Mama Kioko, alikuwa amesimama kwa mlango wako na simu sikioni, na akanipigia mimi. Alisema, "Mama ameanguka bafuni. Anasema nisiingie. Niingie?"

Aliniuliza, mama. Mguu wake ulikuwa kizingitini. Alihitaji neno moja.

Nikamwambia, "Ngoja. Ita Mama Kioko."

Mimi niliyechora mlango. Mimi niliyekucheka na mwiko wako mbele ya mafundi. Niliona uso wako kesho yake, jinsi ambavyo ungenitazama ukijua nilimruhusu mkwe wako akuone uchi sakafuni, na nikaogopa. Nilifikiria kesho. Nilidhani iko.

Wafula hakumwambia mtu. Si kwenye matanga, si kijijini, si mimi mwenyewe tukiwa wawili. Angeweza kunifunga mdomo kwa maneno manne, mke wangu alisema ningoje. Alinyamaza akabeba yake na yangu. Na mimi nikaendelea kumpiga kwa sababu nilijua hatarudisha. Sasa unajua umezaa mtu wa aina gani.

Chumba chako kiko vile kilivyokuwa. Kitanda kimetandikwa, leso yako iko kwa msumari. Mwezi uliopita balbu yako iliungua. Nilipanda kiti, na Wafula akanipa balbu mpya akiwa amesimama nje, uso ameugeuza kando, asione kitanda. Kitanda kitupu. Vigae vile vyote vya chini aliviweka kwa mikono yake, na anasimama nje. Nilitaka kumcheka, machozi yakaniwahi.

Jumamosi Musyoka atabomoa. Nimeamua. Usiniombe nikusubiri, na usije kwa ndoto na ile sauti yako ya chini. Ungeuacha wazi ule mlango, ungegombana nasi hapa mpaka leo, na mimi ningekuwa na mume kitandani. Sikusamehi kwa hilo bado. Labda mwakani. Na wewe usinisamehe haraka, nitajua unanionea huruma.

Ila kabla ya Jumamosi kuna kitu lazima kitangulie, na hicho ndicho ninachokuahidi. Kesho asubuhi, Faith akishaenda shule, nitazunguka uani nifungue mlango wako. Nitaingia nikae juu ya kitanda chako, hapo hapo ulipokuwa unakaa kufunga kitambaa. Nitagonga ukuta mara mbili. Atakuja, najua atakuja, na atasimama kizingitini aniulize nataka nini, akiangalia miguu yake. Nitamwambia ni mimi niliyesema ngoja. Nitalisema kwa sauti ya kutosha, Mama Kioko asikie akiwa kwake, maana kumwaibisha nilimwaibisha hadharani.

Halafu nitamwambia lile neno alilokuwa analisubiri kwa simu. Nitamwambia, ingia. Sijui kama ataingia. Pengine mguu wake umezoea kukataa, na pengine mimi nimechelewa kama vile gari la wagonjwa lilivyochelewa. Nitakaa hapo kwa kitanda chako nimngoje, hata ikiwa ni siku nzima.

Pumzika sasa, mama. Chai sasa tutajiwekea wenyewe.

Ni mimi, wa upande wa pili wa ukuta,
Nekesa