Sauti Kutoka Chini ya Kisima

Isiolo, Jumapili, Novemba 1986

Sijui kwa nini kila mtu anadhani redio yangu ni mbovu.

Wiki nzima nasikiliza kanda mpya ya wakongwe fulani wa vinanda vya umeme, niandike maoni yangu gazetini. Ni dub, yaani reggae iliyojaa mwangwi, ya polepole: besi nzito, mtu anaimba neno moja, na mwangwi unalibeba mpaka linapotea. Leo mke wangu Fatuma ametoka jikoni na pamba na spiriti.

"Baba Abdi, safisha hiyo kichwa ya redio. Inameza maneno."

Nimekasirika. Kusema kweli, naogopa. Mhariri anasema makala yangu iliyopita haikueleweka. Hii nayo isipoeleweka, nafasi yangu gazetini itapewa habari za mpira. Na nilichokuwa nimeandika ni maneno makubwa ambayo hata mimi...

Alasiri baba yangu alikuwa amejilaza mkekani. Ujana wake wote aliwanywesha ng'ombe kwenye visima virefu, wanaume wakipokezana ndoo, aliye chini akiimba na walio juu wakiitikia. Mwimbaji wa kanda akavuta neno lake, mwangwi ukapanda. Baba, macho yakiwa yamefumbwa, akaitikia kwa Kiborana, akanyoosha mikono yote miwili kupokea ndoo.

Fatuma alicheka mpaka akaketi. Pamba akairudisha jikoni.

Nimechana karatasi zangu na kuanza upya: "Baba yangu hajashika ndoo ya kisima tangu ng'ombe wetu waishe. Leo kanda hii imempa moja."